Hongera kwa Kila Jibu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye lile tangazo kilikuwa ganda la ndizi.

Dada aliniwekea simu karibu na pua, akitaka nimtazame muuguzi wa kwenye video. Sare nyeupe pe, meno yamepangika, usoni hana hata tone la jasho. Alimchoma mgonjwa sindano, akatabasamu, akageuka, akaitupa ile sindano kwenye ndoo iliyokuwa pembeni ya kitanda. Kifuniko kilipoinuka nikaliona ganda la ndizi. Kisha yakapita maandishi makubwa: Pata shahada yako ya uuguzi mtandaoni, bila kuacha kazi, ndani ya miezi tisa tu.

"Umeonaje?" Dada aliniuliza.

"Sindano ameitupa pamoja na ganda la ndizi."

"Nakuonyesha shahada, wewe unaona ndizi!" Akacheka na kuninyang'anya simu. "Ndiyo maana wenzako wanakuita Bibi Usafi."

Nilicheka pia, lakini mate yalikuwa yamenijaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika.

Mimi ni mfanya usafi katika wodi ya upasuaji, wodi hiyohiyo anayofanya kazi Dada. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hiyo. Damu hainitishi. Usaha nimeuzoea, matapishi nayakusanya huku nikiwaza mambo yangu. Watu hudhani kinyaa kinatokana na harufu. Harufu ikikaa puani siku tatu inakuwa jirani yako. Kinyaa changu mimi kinatokana na kitu kuwekwa mahali ambapo si pake.

Wodini kwetu taka za kawaida huingia mfuko mweusi, na zenye damu huingia mfuko mwekundu. Sindano zina kisanduku chake kigumu cha njano chenye mdomo mdogo, ikishaingia haitoki. Mfuko mwekundu naushika kwa hofu. Mweusi nilikuwa naushika kwa kuamini. Ukijaa, naukandamiza kwa kiganja ili upokee zaidi. Hivyo ndivyo nilivyochomwa, miaka miwili iliyopita, katikati ya kiganja, na sindano ambayo mtu aliitupa kwenye mfuko mweusi.

Dada ndiye aliyenikimbiza kupata dawa za kujikinga na virusi. Nilizimeza siku ishirini na nane. Zilinitapisha mpaka nyongo, naye akanishikia beseni kila siku, akitoka zamu na kuingia zamu. Tena kabla ya hapo alisimama katikati ya wodi, sare yake ina damu yangu, akapaza sauti mbele ya wauguzi wote: "Aliyetupa sindano hii Mungu anamwona! Mtu asiye na haya huyo! Mkono uliofanya hivi haufai hata kumlisha mbwa!" Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mgonjwa, nimekumbatia mkono wangu, kimya. Damu yangu ilipimwa mara tatu, nikatoka salama. Basi habari ile ikaisha, kwa wengine.

Sasa nirudi kwenye shahada.

Dada ana miaka kumi na moja katika uuguzi, na cheti chake ni cha stashahada. Kwa miaka miwili alikuwa anakaimu ukuu wa wodi yetu, yaani anafanya kazi zote za mkuu bila kuitwa mkuu. Mwaka huu ikaja barua kutoka juu. Mkuu wa wodi lazima awe na shahada, au awe amekwisha kupokelewa na chuo. Matroni, ambaye ndiye bosi wa wauguzi wote, alimwita ofisini siku ya Jumatatu. "Niletee barua ya chuo Ijumaa, mama, kiti kiwe chako," alimwambia. "Usiponiletea, nitampa mwingine. Nami sitaki kumpa mwingine."

Kila aliyemwona Dada akifanya kazi angesema hivyohivyo. Kuna mzee wa kitanda cha nne, kidonda chake kilikuwa kimekula mguu mpaka wengine wanakisafisha wakiwa wamegeuzia uso dirishani. Dada alikisafisha akikitazama, huku akimtania. "Mzee, mguu huu ukipona utanitoroka, eh?" Mzee alicheka meno yote matatu.

Jumanne jioni Dada alitandaza karatasi mbili mezani, kila chuo na karatasi yake. Alikuwa amemaliza kupika. Alichukua pakiti ya chumvi, akaisokota mdomo, akaizungusha mara mbili, akapitisha mkia chini na kuuvuta. Ni fundo la mama yetu. Mama alifunga hivyo chumvi, sukari, mbegu, hata hirizi ya meno yetu yaliyong'oka. Mimi sikuwahi kuliweza. Dada analifunga bila kutazama.

"Chuo cha kwanza," alisema, "ni hiki cha miezi tisa. Masomo kwenye simu, mitihani kwenye simu, unasoma hata ukiwa chooni. Cha pili..." Akaisukuma ile karatasi kwa kidole kama mtu anayesukuma mende aliyekufa. "Miaka miwili na nusu. Jioni mbili kwa wiki unakaa mbele ya kamera na mwalimu anakuona. Ukifanya mtihani, kamera inakutazama. Halafu, sikia hii, mwalimu anakuja wodini na daftari, anasimama nyuma yako unapofanya kazi. Saa mia sita! Na unajua somo la kwanza ni nini?"

"Nini?"

"Kunawa mikono." Alipiga meza kofi. "Miaka kumi na moja, mimi, nifundishwe kunawa mikono!"

"Labda wanaanza na wote," nilisema.

"Nimechoka, mdogo wangu. Kazi naijua. Ninachotaka ni karatasi." Akasimama, akanipakulia. Nilichukua sahani yangu kabla hajaweka chakula, nikaisuuza tena. Akatikisa kichwa. "Unaosha sahani iliyooshwa! Bibi Usafi kweli."

Kesho yake wakala wa chuo cha miezi tisa alikuja kwenye kantini ya hospitali. Wauguzi walikuwa wameshampa jina: Bwana Hongera. Ukimwambia una stashahada, hongera. Ukimwambia una watoto, hongera. Muuguzi mmoja alimwambia amefiwa na shangazi, akasema hongera kwa uvumilivu. Alinuka manukato mazito, yale ambayo chini yake unasikia jasho la jana. Mkono wake ulikuwa laini na wa majimaji, na alipoushika wa Dada hakuuachia. Alikuwa anakula mguu wa kuku, na kila alipotaka kuonyesha kitu kwenye fomu alikionyesha kwa kidole kilekile. Fomu ya shahada ya dada yangu ilikuwa na madoa ya mafuta kabla haijaandikwa jina.

Nilikuwa nafuta meza ya jirani. Niliifuta mara tatu.

"Na saa za mazoezi ya wodini?" Dada aliuliza. "Nani atanisimamia?"

"Sista wangu wa nguvu! Miaka kumi na moja hujafanya mazoezi? Umeshafanya. Sisi tunapiga muhuri tu." Akalamba kidole. "Hatusumbui watu wazima."

"Na baraza la wauguzi wanaikubali?"

"Wanaikubali, wanaishughulikia, iko njiani, usiwe na wasiwasi, mpenzi. Wangapi wameshapata vyeo! Jaribu somo moja bure. Ukifaulu kesho, barua ya kupokelewa inatoka hapohapo. Ijumaa unamwekea Matroni mezani." Ndipo aliponiona na kitambaa changu. "Hata huyu mdogo mtu akitaka, tunamfanya nesi!" Akacheka mpaka nyama ikaonekana kati ya meno yake.

Dada naye alicheka kidogo. Kicheko kile kidogo kiliniuma kuliko kile kikubwa.

Alhamisi mchana Dada alirudi amechoka hoi, na alitakiwa kazini tena saa kumi na mbili jioni. Alifungua lile somo la bure kwenye simu: Kinga dhidi ya maambukizi. Akaniita.

"Mdogo wangu, kaa hapa. Kila baada ya dakika kumi itakuuliza kama bado upo. Wewe gusa ndiyo. Ikimaliza niamshe nijibu maswali."

"Dada, mimi niliishia la tano."

"Kwani nimekwambia ufanye upasuaji? Gusa tu."

Akajitupa kitandani na sare yake. Mimi nikakaa kwenye kigoda, simu magotini. Sauti ya mwanamke ilisoma maneno yaleyale yaliyoandikwa, polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Bado upo? Ndiyo. Bado upo? Ndiyo. Dada alikuwa anakoroma. Simu iliandika juu kwamba mwanafunzi amehudhuria saa moja, kisha saa moja na nusu.

Ghafla yakaja maswali hamsini na saa inayorudi nyuma. Dakika ishirini. Nilimtikisa Dada bega. "Dada, maswali."

"Jibu," alisema bila kufumbua macho. "Hayo mambo unayajua kuliko mimi."

Nikaanza. Kweli niliyajua. Maji yenye dawa ya kufutia sakafu yachanganywe vipi, glavu zivuliwe vipi, mfuko uliotoboka ufanyweje. Kila nilipojibu likatokea ua jekundu na neno: Hongera! Sitasema uongo, mwanzoni nilifurahi. Tangu nitoke shule hakuna mtu aliyewahi kunipa hongera kwa kujibu swali.

Kwenye swali la kumi na mbili kidole kiliteleza. Waliuliza muuguzi anawe mikono wakati gani, nikagusa: mara moja kwa siku. Ua likatokea. Hongera!

Nikadhani sijaona vizuri. Swali lililofuata nilijibu vibaya kwa makusudi. Hongera! La kumi na nne vilevile. Nilikuwa nasikia joto masikioni. Likaja la ishirini: Sindano iliyotumika itupwe wapi? Kisanduku kigumu, mfuko mwekundu, au mfuko wa taka za kawaida?

Kiganja changu kina alama ndogo pale katikati, haizidi punje ya mchele. Niliitazama. Kisha nikagusa mfuko wa taka za kawaida.

Hongera! Endelea hivyohivyo!

Niliweka simu sakafuni, nikaenda kutema mate nje. Niliporudi nilijibu yote yaliyobaki huku nimefumba macho. Asilimia tisini na nane. Hapohapo ikaja barua ya kupokelewa, ina jina la Dada la kwenye vyeti, majina matatu, yameandikwa vizuri kabisa. Chini yake karatasi nyingine, imeshapigwa muhuri: mwanafunzi huyu amefanya saa arobaini za kusafisha vidonda chini ya usimamizi. Nilimtazama mwanafunzi. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kiatu kimoja bado kimo mguuni.

Alipoamka nikampa simu. Aliruka.

"Tisini na nane! We mtoto! Kumbe tunaye daktari humu ndani!"

"Nimejibu vibaya, Dada."

"Moja tu umekosa."

"Nimekosa mengi. Mengine nimejibu nimefumba macho. Nimesema sindano itupwe kwenye mfuko mweusi, wakanipa ua."

Akaanza kuvaa kile kiatu kingine. "Sawa. Ni wahuni. Lakini mimi si mhuni. Mimi nikishika sindano najua pa kuitupa. Karatasi iwe ya kihuni, mkono ni wangu."

"Na mwingine atakayeinunua?"

"Huyo atajijua." Sauti yake ilipanda. "Miaka miwili nakaimu! Unataka nimwachie nani kile kiti? Niambie, kuna mtu wa kunifundisha mimi kudunga sindano? Kuna haja gani ya mtu kusimama nyuma yangu na daftari?"

Mimi si mtu wa kujibu. Nikiulizwa jambo mbele ya watu huangalia vidole vya miguu. Hata siku hiyo niliviangalia. Lakini nilipoinamisha macho niliiona ile pakiti ya chumvi kwenye rafu ya chini, na fundo lake.

"Ile sindano ilikuwa ndani ya glavu," nilisema.

"Sindano ipi?"

"Iliyonichoma. Glavu ilikuwa imegeuzwa ndani nje, pamba zimo ndani na sindano imo. Na mdomo ulikuwa umefungwa."

"Ulisema ilikuwa kwenye mfuko tu."

"Ilikuwa kwenye mfuko. Ndani ya glavu. Imesokotwa, imezungushwa mara mbili, mkia umepita chini."

Hakuelewa haraka. Niliona anavyoelewa, kwa sababu mikono yake, iliyokuwa inafunga kamba za kiatu, ilisimama. Aliitazama ile mikono. Akaitazama pakiti ya chumvi. Akakaa kitandani taratibu kama mgonjwa aliyetoka upasuaji.

"Wiki ile nilikuwa nimefanya zamu mbili mfululizo," alisema hatimaye. "Kitanda cha saba na cha nane wote walikuwa wanavuja damu."

"Najua."

"Sikukusudia."

"Najua, Dada."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshamlaani aliyefanya. Mbele ya wodi nzima. Ningekwambia nini?"

Simu ikalia mkononi mwake. Aliifungua kwa sauti kubwa, sijui kwa makusudi au kwa kukosea.

"Sista wangu wa nguvu!" Bwana Hongera alikuwa anatafuna kitu. "Nimeona matokeo! Hongera, hongera!"

"Swali la ishirini nimejibu nini?" Dada aliuliza.

"Umejibu vizuri sana, mpenzi."

"Nimejibu sindano itupwe kwenye taka za kawaida."

"Ndiyo, hongera! Kesho tukutane unisainie fomu, eh?"

Dada alikata simu, akaenda bombani, akanawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, mpaka sabuni ikawa povu kwenye viwiko. Halafu akaenda kazini.

Ijumaa hakupeleka barua. Chuo cha pili, alichokiomba kwa simu usiku uleule akiwa zamu, kilikuwa kimempa karatasi ya kuthibitisha tu kwamba maombi yake yamefika, majibu baada ya miezi miwili. Matroni aliisoma, akavua miwani, akasema, "Mama, hii siwezi kuitumia." Kiti kilichukuliwa na muuguzi wa wodi ya pili. Siku ya kwanza alitundika cheti chake ukutani kwenye fremu. Nilikuwa nafagia chini yake. Nikainua macho nikaona ua jekundu pembeni, lilelile.

Sasa kila mfuko mweusi wa wodi yetu naukandamiza kwa mti wa fagio.

Dada amekubaliwa chuoni. Jumatano na Ijumaa jioni hukaa mbele ya kamera, amechana nywele, na mimi siruhusiwi hata kupita nyuma yake. Kunawa mikono alipata sitini na mbili. Siku hiyo hakula. Mwalimu wa wodini alikuja wiki iliyopita, mwanamke mfupi mkavu mwenye daftari la bluu, akasimama nyuma ya Dada kwenye kitanda cha nne. Mzee akamwuliza, "Huyu mkaguzi kaja kuhesabu vidole vyangu?" Mwalimu hakucheka. Nilikuwa mlangoni na ndoo yangu. Nilimwona Dada anavua glavu, anaigeuza na pamba zikiwa ndani, vidole vikaanza kusokota vyenyewe. Vikasimama. Akaifungua ile glavu, akakagua ndani, ndipo akaiweka kwenye mfuko mwekundu. Sindano ilikuwa imeshaingia kwenye kisanduku. Mwalimu akaandika.

Jioni tulikula pamoja. Nilichukua sahani yangu, nikaisuuza tena.

"Bado tu?" Dada alisema. "Wewe na maji!"

Nikamjibu kwamba ni mazoea ya kazi, naye akacheka.

Si mazoea ya kazi. Dada, tangu siku ya ile glavu, kila sahani uliyoiosha niliisuuza tena kabla sijala, kwa sababu nilikuwa naionea kinyaa mikono yako.